Baridi ya chumba cha pamoja: Mzaliwa wa Buna afanye nini Nairobi?

MTU aliyelelewa Buna, katika Kaunti ya Wajir, amezoea jua ambalo kwa sehemu kubwa ya mwaka hupandisha joto la mchana kupita nyuzi 30 za Selsiasi. Anapohamia Nairobi kwa masomo au kazi, hukuta mji ulio takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Julai joto huweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi. Taabu huzidi anapoishi chumba kimoja na wenzake wanaotaka madirisha yawe wazi. Wao humwona anadeka, lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kwa nini huhisi baridi zaidi

Mwili hulinda joto la viungo vya ndani, ambalo ni karibu nyuzi 37, kwa kubana mishipa ya damu ya mikono na miguu. Ndiyo sababu vidole hupoa kwanza. Mwili huweza kuzoea joto kali katika muda wa wiki 2 hivi, ilhali kuizoea baridi huchukua muda mrefu zaidi. Watu wembamba, wazee na wanaoketi kutwa huathirika mapema, kwani misuli isiyofanya kazi hutoa joto kidogo.

Mnamo 2015, watafiti wa Uholanzi, Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt, walieleza kuwa kanuni za joto la ofisini zilitegemea mwili wa mwanamume wa miaka 40 mwenye uzito wa kilo 70. Miili ya wanawake wengi hutoa joto pungufu ya hilo, hivyo wao huona baridi mahali ambapo wanaume wameridhika.

Kuishi na wenzako

Anza kwa kuupasha mwili joto kabla ya kudai chumba kibadilishwe. Nguo mbili tatu nyepesi, zinazohifadhi hewa katikati yake, hushinda koti moja zito. Vaa soksi, jifunike shuka, na inuka utembee kila baada ya saa moja. Omba kitanda au meza iliyo mbali na dirisha au kiyoyozi.

Wanaotaka dirisha wazi nao wana hoja: hewa safi hupunguza uenezaji wa kifua kikuu katika vyumba vyenye watu wengi. Kubalianeni ni saa zipi lifunguliwe.

Usilale kamwe na jiko la makaa ndani ya chumba. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huizuia damu kubeba oksijeni na huua watu wakiwa usingizini.

Wakati wa kumwona daktari

Baridi isiyokwisha, hata wakati wa jua, yaweza kuwa dalili ya ugonjwa. Ikiambatana na uchovu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio, huenda ni upungufu wa damu, unaowapata hasa wanawake wajawazito na wenye hedhi nzito. Ikiambatana na kunenepa, ngozi kavu na kufunga choo, huenda tezi ya thairoidi iliyo shingoni imelegea. Vidole vinavyogeuka vyeupe kisha samawati vyahitaji uchunguzi pia.

Upungufu wa damu na ulegevu wa tezi hugunduliwa kwa kupima damu, na yote mawili yana tiba.