Kusikia Harufu: Kitenzi -sikia cha Kiswahili na Sentire ya Kilatini

Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa kitovu cha zao hilo. Msimu wa vuno, karafuu zinapoanikwa majamvini, apitaye njiani husema: “Nasikia harufu ya karafuu.” Sikio halihusiki hapo. Je, usemi huo ni sitiari, au ndiyo maana yenyewe ya kitenzi?

Kamusi nyingi huanza na maana ya sikio, kisha huorodhesha harufu, njaa na maumivu kama maana za ziada. Mpangilio huo unafaa kuhojiwa, na Kilatini kinatusaidia. Kitenzi sentire, ambacho wanaisimu wengi hukihusisha na mzizi wa kale wenye maana ya kuelekea au kushika njia, kilijumuisha kuhisi kwa mwili na kuwa na maoni; ndipo likazuka neno sententia, yaani rai. Lugha zilizotokana na Kilatini zikaupunguza upana huo kila moja kwa namna yake: sentire ya Kiitaliano hutumika pia kwa kusikia sauti, na sentir ya Kifaransa kwa kusikia harufu.

Kiswahili kimeigawa milki hiyo kwa njia nyingine. Rai imeangukia kitenzi -ona, chenye asili ya Kibantu: “naona tungoje.” Kitenzi -sikia kimechukua yale yanayomfikia mtu bila ya yeye kuyatafuta. Anayenusa hukusudia, na anayesikiliza hukusudia. Anayesikia harufu, baridi au sauti hufikiwa tu. Hata “mtoto huyu hasikii”, kwa maana ya kukaidi, ina mwenzake katika Kilatini: oboedire, kutii, imetokana na audire, kusikia.

Kwa hiyo kinachoziunganisha maana za -sikia ni kufikiwa, na sikio ni mlango mmoja tu miongoni mwa milango kadhaa. Kiarabu kilipotuletea -hisi, hakikuiondoa -sikia mahali pake. Neno jipya lilikaa kando ya la zamani. Mtunzi wa kamusi anayeitanguliza tafsiri ya sikio peke yake humfundisha mwanafunzi kwamba Mpemba anayesikia harufu ya karafuu amekopa neno la mahali pengine, ilhali mzungumzaji huyo analitumia katika maana yake kamili.