Bunduki ya Bwana Speke

Ninyi mkaao Kabwe, ziwa lile mlionalo kila asubuhi lilifikiwa na Waingereza wawili, Burton na Speke, mwezi wa Februari, 1858, upande wa Ujiji. Speke aliumwa macho, hata hakuliona vema.

Alikuwa mwindaji hodari tangu ujana. Lakini tarehe 15 Septemba, 1864, kwao Uingereza, alikwenda kuwinda kwale. Alipokuwa akivuka ukuta wa mawe, mfupi tu, bunduki ikalia, marisau yakamwingia ubavuni. Akafa baada ya muda mfupi, umri wake miaka 37. Wako walionena kwamba alijiua, maana kesho yake ilimpasa kuhojiana na Burton mbele ya wataalamu. Bali waliochunguza kifo chake walihukumu kwamba ni ajali, nami nakubaliana nao. Bunduki ile haikuwa na kizuizi cha mtambo. Angaliitoa marisau kwanza, akailaza ng'ambo ya ukuta, ndipo akavuka, angalipona. Mtoto aweza kufundishwa hayo kwa robo saa.

Gobori ni gumu kulitoa baruti, lakini fataki huondolewa kwa kidole. Nilipata kumwona mzee mmoja akiingia mtumbwini na gobori lililoshindiliwa, fataki mahali pake, mdomo wa kasiba umewaelekea wapiga makasia. Nilipomwonya alinijibu, "Mwalimu, mimi nimewinda miaka thelathini."