Mfupa wa Ishango na vitabu vya Butembo

Pale Mto Semliki unapoliaga Ziwa Edward na kushika njia ya kaskazini, ndani ya teritwari ya Beni, mashariki ya Kongo, pana mahali panapoitwa Ishango. Mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba hapo. Tabaka kwa tabaka zikatoka mifupa ya samaki na vichwa vya chusa vilivyochongwa kwa mfupa, mali ya wavuvi wa zamani sana. Kikatoka pia kitu kidogo, urefu wake sentimita 10 hivi.

Ni mfupa wa rangi ya kahawia, umechomekwa kipande cha jiwe gumu kwenye ncha moja, na ubavuni umekatwakatwa mikato katika safu tatu. Safu moja ina mafungu ya mikato 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Jumlisha mwenyewe: kila moja inatoa 60. Safu ya tatu inakwenda 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7, jumla 48.

Kuchimba ni nusu ya kazi. De Heinzelin alikaa miaka saba ndipo ripoti yake ya kitaalamu ikatoka, mwaka 1957, kwa Kifaransa, na waliosoma ni wataalamu wenzake. Juni 1962 akaandika upya habari ya Ishango katika jarida la Marekani, Scientific American, safari hii kwa msomaji wa kawaida. Akasema wazi anachofikiri: watu wale walijua kuzidisha kwa mbili, maana 3 imekaa karibu na 6, na 4 karibu na 8. Baadaye Alexander Marshack aliichunguza mikato hiyo kwa hadubini, akaona ni hesabu ya siku za mwezi. Hata umri ulibadilika: de Heinzelin alidhani mfupa si wa zamani sana hivyo, na utafiti uliofuata ukaupeleka kwenye miaka 20,000 hivi. Mimi namheshimu kwa jambo moja hasa. Aliweka hesabu zote mbele ya msomaji, kila mtu aweze kuhesabu na kumpinga.

Mfupa wenyewe uko Brussels. Habari yake ilimfikia msomaji wa Chicago kwa lugha anayoisoma akiwa nyumbani kwake. Mvuvi wa Ziwa Edward hakuandikiwa.

Padri Lieven Bergmans wa shirika la Waasumpsionisti alishika njia nyingine. Wamisionari wa shirika hilo walikuwa wamefika nchi hii mwaka 1929, na yeye akajitia katika kukusanya masimulizi ya Wanande, watu wa sehemu hizo. Vitabu vyake, Les Wanande, vilitolewa huko huko, katika mji wa Butembo, na Éditions A.B.B.: historia ya tawi la Baswaga mwaka 1970, imani na desturi mwaka 1971, historia ya tawi la Bashu mwaka 1974. Kwangu hilo ni jambo kubwa. Kitabu kilichotolewa Butembo kinaweza kusomwa na mjukuu wa mtu anayetajwa ndani yake, naye akasema hapa umekosea.

Na makosa yapo, kwa sababu masimulizi yana wenyewe. Mmarekani Randall Packard alifanya utafiti kwa Bashu katika miaka hiyo hiyo ya 1970 na kutoa kitabu chake mwaka 1981. Alionyesha kwamba mwami, yaani mtawala wa jadi, alipimwa kwa mvua na mavuno. Ukame ukizidi, watu walianza kumtilia shaka, na ukoo mwingine ukapata nafasi ya kudai kiti. Kwa hiyo mzee anayekuambia nani alivuka Semliki kwanza kuja kukaa hapa anakuambia pia ardhi ni ya nani. Lazima usikilize nyumba zote mbili zinazopingana, kisha uandike zote mbili.

Vitabu hivyo vyote viliandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza, na wengi wa wazee waliosimulia wamekwisha kufa. Wajukuu wao sasa ndio wazee, nao wametawanyika. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewang'oa watu katika vijiji vya kuzunguka Beni, wakakimbilia Oicha, Beni mjini na Butembo. Mzee wa kijijini husimulia akinyoosha kidole: kilima kile, kijito kile, kaburi la mwami fulani. Ukimkuta katika chumba cha kupanga mjini, hana cha kunyooshea kidole.

Basi wewe mwenye babu au bibi aliyekimbia, chukua daftari ukae naye wiki hii. Muulize kilima chao kinaitwaje, nani alilima hapo kwanza, na jirani gani atakataa maneno hayo. Halafu mtafute huyo jirani, umsikilize naye. Andika kwa lugha ile ile mliyozungumza.