Nani Atakaa Nawe Wakati wa Uchungu?

Leo tuzungumze juu ya yule mtu anayekaa kando ya mama wakati wa uchungu.

Zamani mama hakuachwa peke yake. Alikuwa na mkunga, mama mkwe, shangazi. Huyu anamsugua mgongo, yule anamletea uji. Lakini nyumbani hapakuwa na damu ya kuongezwa wala chumba cha upasuaji, na akina mama wengi tuliwapoteza. Ndiyo sababu tukawaomba mje hospitali. Mlipokuja, tukampokea mama na kumfungia shangazi nje.

Hata mimi nimefanya hivyo. Nilipoanza kazi nilimzuia mama mmoja mlangoni, nikamwambia angoje kwenye benchi. Binti yake alimwita usiku kucha. Tulikuwa wauguzi wawili na vitanda vimejaa.

Si kwetu tu. Katika jiji la Guatemala, huko Amerika ya Kati, mama pia alikuwa akiachwa peke yake hospitalini. Madaktari, miongoni mwao Roberto Sosa, John Kennell na Marshall Klaus, wakafanya utafiti kwa akina mama wenye afya nzuri waliokuwa wakizaa mara ya kwanza. Baadhi yao walipewa mwanamke wa kukaa nao. Hakuwa muuguzi wala jamaa. Hata hawakuwa wanajuana! Alimshika mama mkono, akamsugua mgongo, akazungumza naye. Basi.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1980. Miongoni mwa wale ambao hawakupata matatizo, waliokuwa na mwenzi walijifungua kwa wastani wa chini ya saa 9 tangu kulazwa. Walioachwa peke yao, zaidi ya saa 19. Na baada ya kujifungua, waliokuwa na mwenzi walimpapasa mtoto zaidi na kumchekea.

Utasema hao walikuwa wachache. Kweli, walikuwa 20 kila upande. Lakini mwaka wa 2017 zilijumlishwa tafiti 26 za akina mama zaidi ya 15,000. Uchungu ulifupika, ingawa si kwa saa 10 kama Guatemala, na waliofanyiwa upasuaji walipungua. Mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mama awe na mwenzi aliyemchagua mwenyewe.

Kwa hiyo ukienda kliniki, uliza mapema wanaruhusu nani. Pengine vitanda vimekaribiana na hakuna pazia. Baba atazuiwa, lakini dada yako ataruhusiwa. Chagua mtu asiyekukaripia. Huyo si mkunga: asikupe dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu, wala asikukandamize tumbo. Akiona damu nyingi au degedege, au ukimwambia kichwa kinakuuma sana na macho hayaoni vizuri, amwite muuguzi mara moja. Kama muuguzi yuko kitanda cha mbali, amfuate huko huko.