Hasira zimenipanda

Abiria aliyekwama kwenye matatu kati ya Ruiru na Thika husema, "hasira zimenipanda." Sarufi yetu humfanya yeye kuwa anayepandwa, na hasira ndizo zinazotenda, vivyo hivyo huzuni hutushika na hofu hutuingia. Naona hapo mlango mzuri wa kuelewa kutafakari kwa Wabudha, kunakofundishwa nchini Uganda na Bhante Buddharakkhita, mtawa Mganda aliyeanzisha kituo chake mwaka 2005. Katika Satipatthana Sutta, mafundisho ya kale ya lugha ya Kipali, mwenye kutafakari hutambua hisia ya kupendeza, ya kuumiza au isiyo na upande, na hasira zikiwapo moyoni hujua zipo. Hatakiwi kuzikana (na hili ndilo gumu kuliko yote).

Kuna atakayepinga: je, msemo huo si kisingizio cha aliyempiga makanga? Mara nyingi ndivyo unavyotumika, na ni vibaya. Lakini Buddha aliweka uzito wa tendo kwenye nia, na nia haitupandi kutoka nje. Anayesema "zimenipanda" mapema, zikiwa bado kifuani, ana nafasi ya kuchagua ambayo aliyekwisha kurusha ngumi hana.