Swali na Faili Lake

Katika mitaa ya viwanda na maghala kama Wetherill Park, magharibi mwa Sydney, ambako bidhaa huingia na kutoka kwa hesabu, karani hana budi kuliamini daftari lake, hata likiwa ndani ya kompyuta. Kampuni ya IBM ilipoitangaza kompyuta ya AS/400, Juni 1988, chombo chake Query/400 kilimwezesha hata asiye fundi kuandika swali la kuchota data kwenye mafaili, kulihifadhi na kulirudia kila asubuhi. Lakini fundi akiondoa safu moja ya faili, swali lililoitegemea huvunjika. Amri ya DSPDBR ilidhihirisha mafaili yategemeanayo, maswali yakabaki sitirini, hadi mwenye hadhari alipotumia amri ya DSPPGMREF, iorodheshayo kila swali na mafaili yake. Hakika, kuuliza kabla ya kubadili ni amana.