Historia ya Dawa za Visima vya Mafuta

Wanafunzi wetu hapa Gairo walituletea swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Wengine wao wana ndugu upande wa Kilindi, kaskazini yetu, inakopita njia ya bomba kubwa la kuchukua mafuta kutoka Ziwa Albert katika nchi ya Uganda hata Chongoleani karibu na Tanga. Mtoto mmoja akauliza, “Mwalimu, mafuta yale yakiisha kisimani, bomba litafanya kazi gani?” Tukamwambia angoje, tukaenda kutafuta.

Kwanza tuliona ya kuwa mtoto yule alidhani kisima cha mafuta ni kama mtungi, ukichota sana waona chini. Wakubwa wengi hudhani vivyo hivyo, nasi tulikuwa miongoni mwao. Lakini chini ya ardhi hakuna ziwa la mafuta. Mafuta yamo katika vitundu vidogo vya mwamba, kama maji yaliyojificha katika mchanga wa mto wakati wa kiangazi. Kila mtu wa Gairo aliyepata kufukua mchanga wa korongo ajua habari hiyo: maji hujikusanya polepole shimoni, na ukiondoka nayo yote uliyoyaona, mchanga bado ni mbichi. Basi kisima cha mafuta kikikoma kutoa, si kwamba mafuta yamekwisha. Mara nyingi sehemu kubwa imebaki mwambani, imekosa njia au imekosa nguvu ya kuisukuma. Historia ya dawa za visima ni historia ya watu waliokataa kuyaacha mafuta hayo.

Edwin Drake alichimba kisima chake huko Titusville, katika jimbo la Pennsylvania la Marekani, mwaka 1859, akayapata mafuta kwa kina cha mita 21 tu. Visima vingi vikafuata, na vingi vikachoka upesi. Dawa ya kwanza ilikuwa ya nguvu tupu: mwaka 1865 askari wa zamani, E. A. L. Roberts, alianza kushusha baruti kisimani na kuilipua ili mwamba upasuke. Visima vilifunguka, na watu kadha wa kadha walikufa, hasa baada ya kuanza kutumia nitrogliserini ambayo hulipuka hata kwa kutikiswa njiani.

Sasa twaomba msomaji atazame birika lake. Maji ya visima vya huku kwetu yana chumvi, nayo yakichemshwa siku nyingi huacha ukoko mweupe ndani ya chombo. Ukikamulia ndimu juu yake utaona povu, na ukoko waanza kuyeyuka. Uchachu wa ndimu unaila chokaa na kutoa hewa ileile iliyomo katika soda. (Ndimu yatosha, mtu asijaribu jambo hili kwa tindikali ya betri.) Katika nchi nyingi mafuta yamo ndani ya miamba ya chokaa, jamii moja na ukoko ule wa birika. Ndiyo maana palitokea mtu akafikiri kuutia mwamba uchachu.

Mtu huyo ni Herman Frasch, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1851 na kuhamia Marekani akiwa kijana. Alikuwa mwanakemia katika kazi ya mafuta huko Lima, jimbo la Ohio, ambako mwamba ni wa chokaa. Mwaka 1896 alipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake: kumimina tindikali ya haidrokloriki kisimani, kuisukuma iingie mwambani, iile chokaa na kupanua njia za mafuta. Nguvu ya dawa hiyo twaweza kuipima kwa hesabu. Lita 1,000 za tindikali iliyozimuliwa kwa maji hata ikabaki asilimia 15, zaweza kuyeyusha kilo 220 hivi za mawe ya chokaa. Na kinachobaki si jiwe tena, ni chumvi iyeyukayo majini, nayo hutoka pamoja na maji.

Visima vya Lima viliitikia dawa ile. Hata hivyo tindikali haichagui: iliyakula mawe, ikayala na mabomba ya chuma. Frasch alilijua jambo hilo, akashauri mabomba yavikwe kitu kisicholika, lakini shida haikuisha. Kazi ikaachwa, ikasahauliwa kwa muda wa miaka 30 na zaidi, isipokuwa majaribio machache.

Hapo ndipo tunapotaka kusimama kidogo. Vitabu vingi huanza habari hii kwa mwaka 1932, kana kwamba kabla yake palikuwa giza. Sisi twaona kwamba Frasch hakukosea juu ya mwamba hata kidogo. Alikosa kitu kimoja tu, nacho ni ulinzi wa chuma.

Ulinzi huo ulipatikana Michigan. Kampuni ya Dow ilikuwa na visima vya maji ya chumvi ambamo ilitoa madawa yake, nayo ilikuwa imekwisha kuvitibu visima hivyo kwa tindikali. Mwanakemia wake John Grebe alijua kwamba ukichanganya tindikali na aseniki kidogo, mchanganyiko huendelea kula chokaa lakini huacha chuma karibu salama. Tarehe 11 Februari 1932, kampuni ya Pure Oil ilikubali dawa hiyo itiwe katika kisima kilichoitwa Fox namba 6, katika wilaya ya Isabella. Kisima hicho kilikuwa kimekufa. Tindikali lita 1,900 hivi ililetwa kwa gari, ikateremshwa kisimani kwa mpira wa kumwagilia bustani. Kisima kikaanza kutoa mapipa 16 kwa siku. Pipa la mafuta ni lita 159, basi mapipa 16 ni lita zipatazo 2,500. Si utajiri mkubwa, lakini jana yake hakikutoa kitu. Kabla mwaka haujaisha Dow ilikuwa imeanzisha kampuni ya kutibu visima, ikaiita Dowell.

Aseniki ni sumu kali, kama ajuavyo kila mtu aliyewahi kuona sumu ya panya ya zamani. Baadaye ikaachwa, dawa nyingine zikashika mahali pake. Na kwa miamba ya mchanga, ambayo haidrokloriki haiiwezi, ikatengenezwa dawa yenye tindikali ya haidrofloriki, iliyoanza kuuzwa mwaka 1940.

Sasa tuvuke bahari mpaka Oman, nchi ambayo baadhi ya watu wake husema Kiswahili kwa kuwa wao au wazee wao waliishi Unguja, Pemba na bara. Oman ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1967. Mwaka 2000 ilitoa mapipa 970,000 hivi kwa siku. Mwaka 2007 yakashuka hata karibu 710,000. Watu wakasema nchi ile imekwisha. Lakini kusini, mahali paitwapo Marmul, palikuwa na mafuta yaliyogunduliwa tangu miaka ya 1950, mazito mno. Ukiyasukuma kwa maji, maji yatafuta njia yake nyembamba na kuyapita, kama maji yanavyoupita uji mzito ulioshika sufuria. Dawa yake ni kuyafanya maji nayo yawe mazito, kwa kuyatia unga wa polima. Majaribio madogo yalifanywa Marmul katika miaka ya 1980, yakafaa, yakawekwa kando kama yale ya Frasch. Kazi kubwa ilianza mwaka 2010. Kwa polima, kwa mvuke na kwa hewa zilizosukumwa chini ya ardhi, Oman ilifikia mapipa milioni moja kwa siku mwaka 2016.

Na mafuta ya Ziwa Albert? Mwanajiolojia E. J. Wayland aliandika habari za mafuta yatokayo yenyewe ardhini Uganda katika miaka ya 1920, na kisima kilichimbwa karibu na Butiaba mwaka 1938, lakini mafuta ya kutosha hayakuthibitishwa mpaka mwaka 2006. Yamo katika miamba ya mchanga, hivyo dawa ya chokaa haiyahusu sana. Ugonjwa wake ni mwingine: yana nta nyingi, yakipoa huganda kama mshumaa. Ndiyo sababu bomba lile la kilomita 1,443 limekusudiwa kupashwa moto, mafuta yasipungue nyuzi 50 za joto. Hata ndani ya kisima nta hushika kuta za bomba, nayo huzuiwa kwa dawa zinazozuia punje zake zisishikamane, au kuyeyushwa kwa mafuta ya moto. Mafuta ya Lokichar, Kenya, yaliyogunduliwa mwaka 2012, yana tabia hiyo hiyo.

Wazazi wengine walituuliza juu ya maji, na kwa watu wa Gairo, ambao maji matamu ni shida yao ya kila mwaka, swali hilo lina haki yake. Kisima cha mafuta huvikwa bomba la chuma, na kati ya bomba na ardhi humiminwa saruji, ili dawa na mafuta visiguse maji ya juu. Saruji hiyo ikiwa mbovu, hatari ipo. Tena kila kisima hutoa maji machafu pamoja na mafuta. Huko Nimr, kusini ya Oman, wamepanda mashamba makubwa ya matete jangwani ili yasafishe maji hayo. Sisi hatuziogopi dawa hizi kwa majina yake. Tungependa kwanza kuulizia saruji, na mahali maji yamwagwapo.

Tukarudi darasani na jibu. Imekadiriwa kuwa chini ya ardhi ya Ziwa Albert mna mapipa bilioni 6.5, na yawezayo kutolewa ni bilioni 1.4 hivi. Bomba limekusudiwa kuchukua mapipa 216,000 kwa siku. Watoto wakagawanya ubaoni: siku 6,481, yaani karibu miaka 18, kama mafuta yote yatapita bombani na bomba likijaa kila siku. Tukawaambia wafikiri kwamba dawa zimetoa sehemu moja zaidi katika kumi ya yale bilioni 6.5. Wakagawanya tena: siku 3,009, zaidi ya miaka 8. Mtoto aliyeuliza ana miaka 12. Akaandika pembeni mwa ubao 30, kisha chini yake 38, akauliza kama dawa hizo zafundishwa katika shule gani.